Wikio la Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza mahakamani, karani mkuu alinionyesha pa kusimama, kando ya kizimba, akanionya: "Mkalimani hana maoni. Ukikasirika, kasirika kimoyomoyo, kwa lugha zote mbili." Nilikasirika hivyo Kwale, nikakasirika Malindi, na niliporudishwa Mombasa nikazidi.

Nyinyi vijana mwadhani ukalimani ni kubadilisha maneno tu. Haya, nibadilishieni wikio! Ni kivuko cha ghorofani, kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Bi Zuhura alivuka wikio kila asubuhi kwenda kumlisha dadake, Bi Salma, mgonjwa wa kitandani. Tajiri mmoja akainunua nyumba aliyopanga Bi Salma, akaziba wikio kwa matofali. Kushuka ngazi za Mji wa Kale na kupanda nyingine, kwa magoti ya Bi Zuhura, ni muhali. Akashtaki.

Nilimweleza hakimu, bwana wa kutoka bara, kwa Kiingereza changu chote. Akauliza, "Juu ya mto gani?" Wakili wa tajiri naye akasema kwenye ramani ya hati hakuna kitu kama hicho. Kesi ikaahirishwa. Mara hakimu kahamishwa, mara faili halionekani, mara wakili ana harusi. Na wa kumpa habari Bi Zuhura ni mimi! Siku za kesi wajukuu walimteremsha kwa kiti, jasho likiwatoka. Kila siku nani angemteremsha? Uji wa dadake ukawa wapelekwa na wajukuu. Naye hujibu tu, "Ntakuya tena, mwanangu."

Halafu ikaja kesi ya kwenye skrini, eti kurahisisha mambo. Tuliona dari ya nyumba yake na nusu ya paji la uso, na kila alipofungua kinywa mtandao ukakatika. Mwishowe akapiga kelele: "Mwambie hakimu aje aone!" Mkalimani hana maoni, lakini siku ile nilitafsiri kwa sauti kubwa kuliko desturi.

Hakimu mpya, mama mmoja mkali, akaja. Alipanda ngazi za kwa Bi Zuhura akishikilia kamba, viatu mkononi, akihema. Alipofika kwenye matofali akayagonga. Upande wa pili Bi Salma akaita, "Zuhura?" Hakimu hakuuliza swali jingine. Aliamuru wikio lifunguliwe.

Wiki hiyohiyo nilistaafu. Wakubwa wakanipa saa ya ukutani na hotuba ndefu kuhusu subira yangu. Subira gani? Mimi nilikuwa na hasira tu. Niliwaacha na keki yao nikaenda kutazama ukuta ukibomolewa.

Bi Zuhura alipita kwenye vumbi, bakuli la uji mkononi. Bi Salma akamtazama.

"Umekawia mno, Zuhura."

"Nalikuwa mahakamani," akasema, akaketi kumlisha.