Meno ya Ukoo

Msusi wa mtaani kwetu huanza kucheka kabla hujamaliza kusimulia, mdomo wazi, meno yake mafupi ya kahawia yote nje. Yaliota hivyo tangu utotoni, bila lile gamba gumu la juu, kama ya baba yake. Chupa yake ya maji huiacha dirishani ipate jua, maana maji baridi humrusha kama aliyekanyaga kaa la moto. Wenzake hukata uzi kwa meno. Yeye amening'iniza mkasi shingoni, na vidole vyake husuka bila kupumzika hata umbea ukinoga.

Juzi alikuwa akimsuka binti wa kaka yake, bibi harusi wa kesho yake, mwenye meno yaleyale. Binti akauliza polepole, kiganja mdomoni, "Shangazi, kwenye picha nifumbe mdomo?"

Vidole vikasimama. "Huyo mwanamume alikupendea nini?" msusi akauliza.

"Anasema kicheko changu."

"Basi ukifumba mdomo atadhani kaletewa mke mwingine."

Binti akaangua kicheko, kiganja kikadondoka mapajani. Shangazi yake akamgeuza kichwa, akaendelea kusuka, akijifuta macho kwa bega.