Mikungu Kumi na Tisa ya Gaudiosa

Apolinary alihamisha familia yake kutoka Kimwani kwenda Bukoba mjini mwezi wa kwanza, wakati ambao kila mtu aliyemuuliza alimwambia kazi hazipo. Hakubishana nao. Aliona tu kwamba kule Kimwani hazipo zaidi. Shule binafsi alikotunza majalada kwa miaka tisa ilikuwa imefungwa. Ana stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa bahati mbaya kumbukumbu siku hizi zimejifunza kujitunza zenyewe ndani ya kompyuta.

Kijiji kilimuaga kwa mbuzi mmoja na hotuba nne. Kaka yake, Rutaihwa, aliyebaki akiangalia kibanja cha Apolinary, yaani shamba lake la migomba, pamoja na chake, alitoa hotuba ya tano, fupi.

"Nakupa mpaka Pasaka. Kibanja si redio, ukizime uende, ukiwashe ukirudi. Ukipata kazi niambie, nimtafute mtu wa kukitunza. Usipopata, rudi upalilie."

Wakapanga chumba na sebule Miembeni. Binti yao Celina akaanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, akapewa dawati la dirishani, na dirisha lile linatazama ziwa. Kuanzia siku hiyo alilihesabu suala la kurudi Kimwani kuwa limekwisha. Wazazi wake hawakuwa na dirisha, kwa hiyo wao waliendelea kuhesabu wiki.

Mwezi wa tatu Apolinary aliitwa kwenye usaili. Nafasi zilikuwa mbili. Alifika saa kumi na mbili asubuhi ili awe wa kwanza, akawa wa mia tatu na kumi na nne. Nyuma yake foleni ilizidi kurefuka, ikakunja kona, ikapotea. Kila mtu alikuwa na bahasha ya kaki kifuani. Walikuwamo wenye shahada, wenye shahada mbili, na bibi harusi mmoja mwenye hina mbichi mikononi ambaye ndoa yake ilikuwa saa nane. Apolinary alirudi nyumbani jioni, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Vipi, Baba Celina?" mkewe akamuuliza.

"Sikujua nchi hii imesoma hivi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kanisani.

Majina mawili yalipobandikwa, lake halikuwemo. La bibi harusi lilikuwemo, na Apolinary, ambaye ni mtu wa haki, alikiri kwamba alistahili.

Mkewe, Gaudiosa, hakuitwa kwenye usaili wowote. Alizaliwa Kaagya, kwa baba aliyekamua rubisi, ile pombe ya ndizi, kwa ajili ya nusu ya parokia, na alikulia katikati ya migomba mpaka alipoolewa Kimwani. Hakuna fomu ya maombi ya kazi yenye nafasi ya kuandika hayo.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, nusu ya vyombo ikiwa imeshafungwa kwa safari ya kurudi, alikwenda kununua ndizi kwa Hamidi. Huyu ni mzaliwa wa Bukoba, mjukuu wa mtu wa Pwani, na hupeleka ndizi Mwanza kwa lori. Wiki ile alikuwa msibani, ingawa hakuna aliyekufa. Hoteli moja ya Mwanza ilikuwa imepika ndizi zake kwa harusi, wageni wakatema, na picha za sahani zilikuwa zinamfikia kwenye simu moja baada ya nyingine.

Mtu asiyezijua anapaswa kuelezwa. Kuna ndizi za kupika na kuna ndizi za rubisi. Zikiwa mgombani, Mhaya yeyote anazitofautisha kwa mbali. Zikishakatwa na kurundikwa pamoja kutoka vijiji kumi hufanana kama mapacha, na pacha wa pili ukimpika ana ukakasi unaofunga ulimi mpaka kesho.

Gaudiosa alisimama mbele ya lundo. Mikungu mia mbili na themanini.

"Shikamoo, mzee. Hizi zinakwenda harusini au kilabuni?"

"Marahaba. Mama, leo sitaniwi," akasema Hamidi.

"Sikutanii, waitu," akasema, kwa heshima ya Kihaya. "Umechanganya."

Lameki, msimamizi wa wapakiaji, mtu wa Kahama, akacheka. "Mwache atoe, mzee! Mikungu atakayoitoa tumuuzie hiyohiyo."

Gaudiosa akaweka kikapu chini. Akapita kando ya lundo polepole, kiganja kikigusa shingo za vidole vya ndizi, macho yake yakitazama kwingine, kama mtu anayewasalimia watoto kanisani. "Huu. Na huu. Na ule wa chini yake." Wapakiaji wakavuta. Hamidi akachomoa kisu, akakata kidole cha mkungu wa kwanza, akaonja. Uso ukamkunjamana. Akaonja wa pili, akatema. Wa tano, machozi. Kufika wa saba hakuonja tena. Aliufuata mkono ule kwa macho kama watu wote waliokuwa pale. Mpakiaji mmoja alivua kofia na hakumbuki kwa nini.

Alitoa mikungu kumi na tisa.

Lameki hakuridhika. Gaudiosa alipoinama kufunga kitenge, Lameki aliurudisha mmoja na kuuchomeka katikati ya lundo, upande wa pili kabisa. Gaudiosa akapita mara ya mwisho. Kiganja kikasimama.

"Huyu nilishamtoa," akasema.

Hapo ndipo Lameki alipotafuta mahali pa kukaa.

"Unazijuaje, mama?" Hamidi akauliza, kwa upole ambao wauzaji wenzake hawajawahi kuusikia.

"Wewe mama yako ukimwona sokoni kwa nyuma, unamjuaje?"

Hamidi akafuta kisu chake. Kisha akasema, "Kazi ipo. Kila siku lori linapopakiwa, usipogusa wewe haliondoki. Kesho uje."

"Kesho matawi."

"Jumatatu basi."

"Saa nane natoka, mtoto anatoka shule."

"Utatoka."

Jioni ile Apolinary alipiga simu Kimwani, akaweka sauti ya nje. Rutaihwa alipokea akiwa tayari ana hasira ya kumngoja mtu.

"Mnakuja lini? Magugu yamefika kiunoni."

"Kaka, tumepata kazi."

"Tumepata? Wangapi? Ofisi gani?"

Apolinary alimtazama mkewe. "Mama Celina ndiye kapata. Kwenye ndizi."

Upande wa pili Rutaihwa alisikika akiweka jembe chini.

"Apolinary. Umetoka kwenye ndizi Kimwani, ukapanda basi, ukaenda mjini, kwenye ndizi?"

"Ndiyo, kaka."

"Na wewe mwenye stashahada?"

"Mimi nipo kwenye foleni," akasema Apolinary. "Ni ndefu, lakini inasogea."

Gaudiosa akaichukua simu. "Shemeji, za huko? Mtafute huyo mtu wa kibanja. Asiwe mvivu, na asikate mgomba wowote bila kuniuliza, hata kama amesoma."

Celina alikuwa ameshaanza kufungua mizigo.