Wanataka Hisa Zangu kwa Kipande cha Kihamba

Msomaji wetu kutoka Moshi ametuomba tumfiche, nasi tumemficha. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamjibu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kibosho, mama wa kijana mmoja wa miaka kumi na tisa. Sijaolewa. Nina duka la mitumba Majengo, nililoanza kwa kutandaza nguo chini kwenye turubai. Jina langu lisitoke tafadhali, maana nyumbani gazeti hili linasomwa kwanza ndipo lifungiwe nyama.

Mashirika yalipoanza kubinafsishwa na wananchi tukaambiwa tununue hisa, mjini walikuja madalali wawili. Wa kwanza, mwenye suti, alisema pesa yangu ingezaa mara mbili kabla ya Krismasi. Nikamuuliza, "Na bei ikishuka?" Akacheka, "Mama, hisa hazishuki." Nikanyanyuka. Nimeshauziwa robota la daraja la kwanza nikakuta soksi za mguu mmoja mmoja, kwa hiyo lugha hiyo naijua. Wa pili, dada mmoja mpole, aliniambia, "Itashuka na itapanda. Leta pesa ambayo huihitaji kwa ada wala hospitali, na ikishuka usikimbilie kuuza." Huyo ndiye niliyemchagua.

Nyumbani walinicheka. Mdogo wangu wa mwisho, tumwite Deo, kila nikipanda Kibosho alinidaka mbele za watu: "Dada, hisa zimechanua? Umezipulizia dawa?" Mwaka wa pili bei ikashuka kweli, sikuuza. Kisha ikapanda. Leo ni mara nne ya bei niliyonunulia, na gawio la kila mwaka ndilo linalomsomesha mwanangu chuo cha ufundi. Kahawa ya baba, kwa bei za sasa, hata ukiunganisha misimu mitatu haifikii gawio langu la mwaka mmoja. Simcheki baba. Naisema hesabu hiyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Desemba tulikusanyika nyumbani kama kawaida. Mbuzi akachinjwa, nyama ikagawiwa kwa cheo, pombe ya mbege ikazunguka. Baba akanyamazisha watu.

"Binti yangu, huna mume, na mwanao hana kihamba. Nitamkatia mjukuu wangu kipande kule mfereji unakopita. Ajenge, na siku yake ikifika azikwe kwao. Nawe zile hisa ziandike jina la Deo. Yeye ndiye anayebaki na nyumba hii. Mali ikae pamoja."

Kwa wasiotoka kwetu: kihamba ni shamba la ukoo, la migomba na kahawa. Wanaokirithi ni wanaume, na ndimo tunamozikwa. Mtoto wa binti asiyeolewa hana pake.

Nikasema, "Baba, hisa si mali ya nyumba hii. Nilizinunua kwa mitumba."

Deo akadakia, "Mitumba uliianza ukilala wapi, dada? Ndizi ulizokula alikuletea dalali?" Watu wakacheka.

"Ndizi nilizokula nilizibebea samadi kichwani," nikamjibu. "Wewe uliyezila umekaa, tukudai ngapi?"

Baba akasema taratibu, "Binti harithi. Unajua."

"Najua, baba. Ndiyo maana nilinunua."



Januari yule dada dalali alinipigia simu dukani. "Mama, kuna kijana hapa Dar anasema ametumwa na familia auze hisa zako. Nimemwambia bila sahihi yako hakihami kitu." Kijana huyo alikuwa Deo, na kumbe alikuwa ameshachagua pikapu ya kununua kwa pesa hizo! Nilipompelekea baba habari hizo, alijibu, "Zikishakuwa zake, atajua mwenyewe." Kwa hiyo ile mali ya kukaa pamoja ilikuwa inakwenda kuwa tairi nne.

Kilichoniumiza ni mama. Alishuka mwenyewe mpaka Majengo, akaketi juu ya robota, akanishika mkono. "Saini tu, mwanangu. Nife nikijua mjukuu wangu ana kwao."

Wananingoja baada ya misa ya Pasaka. Sisaini. Hilo silileti kwenu mnijadilie.

Ninalouliza ni hili. Mwanangu hakuwapo Desemba ile, na hajui kama babu yake ametaja kipande hicho. Mimi nilinyimwa ardhi ile kwa kuzaliwa msichana, na maumivu yake nayajua. Sasa nikikaa kimya, nitakuwa namnyima yeye bila hata kumuuliza. Nikimwita nikamweleza, ana miaka kumi na tisa, akasema, "Mama, nataka kwetu," nitamtazama vipi? Au nipande mbele ya ukoo wote nimwambie baba ampe mjukuu wake kipande kile bure, kama atakavyowapa watoto wa Deo, na akikataa ajulikane kuwa alikuwa anauza?

Nishaurini, wasomaji. Ila atakayeniambia nisaini, kwanza aandike shamba lake kwa jina la mdogo wake, ndipo anitumie barua.