Barafu za Ukwaju kwenye Friji ya Chanjo

Kabula aliponiambia niupandishe utambi wa friji ya baba yake, nilipaswa kukataa. Mdomo nilikuwa nao, akili ya darasa la tano nilikuwa nayo, na tulikuwa tumekatazwa. Lakini nilipiga magoti, nikashika kile kigurudumu kidogo, nikazungusha.

Ninyi wenzangu mliokulia Usukumani kabla umeme haujaijua njia ya kuja kwetu, friji za mafuta ya taa mnazikumbuka. Pale Didia ilikuwepo moja tu, nyumbani kwa baba mdogo, bwana mifugo wetu. Ilikuwa mali ya serikali, ya kutunzia chanjo za ng'ombe. Chini ilikuwa na tangi la mafuta na utambi kama wa kandili, na baba mdogo alikuwa na kioo cha kunyolea ndevu ambacho alikitumia kuuchungulia ule moto kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso. Akiukuta wa bluu, alisalimiana na kila mtu. Akiukuta wa njano, hakuna aliyesemeshwa mpaka autengeneze. Sisi watoto alituambia neno moja: "Moto wa friji hauchochewi kama wa mafiga. Msiuguse."

Sehemu ndogo ya juu, ile ya kugandisha, alituachia. Na sisi tukaifanya kiwanda.

Kiangazi kikielekea mwisho, pamba ilikuwa imeshauzwa, visima vimebaki tope, na upepo unazungusha vumbi uwanja mzima wa shule. Ndipo ukwaju unapokuwa mtamu kwa ukali wake. Bushishi, kama tulivyouita nyumbani. Tulikuwa tukirudi kuuchuma meno yamekufa ganzi, tumbo linanguruma, na hatujutii. Kabula, binti wa baba mdogo, dada yangu tuliyelingana naye umri, ndiye alikuwa fundi. Aliuchemsha, akauchuja kwa kanga kuukuu, akachanganya na unga wa ubuyu. Sukari ilikuwa ya wageni, kwa hiyo tulitia asali ya bibi. Bibi aliificha kila wiki mahali papya, na kila wiki alituuliza kwa sauti, "Jamani, hivi asali yangu nimeiweka kule nyuma ya mtungi?" Maji hayo ya ukwaju tuliyamimina kwenye makopo ya nyanya, tukachomeka vijiti vya mabua ya mtama. Wajukuu zangu leo wananunua barafu ya rangi ya samawati. Nikawauliza ni tunda gani hilo la samawati. Wakanitazama kwa huruma.

Shida ni kwamba joto la mwezi ule liliishinda friji. Siku moja tulizipeleka barafu shuleni, zikafika laini. Nkwabi, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yetu, alionja, akalamba midomo, akawageukia wengine.

"Hii ni barafu? Huu ni uji umepigwa na baridi."

Darasa zima likacheka. Kabula hakuwa mtu wa kuchekwa.

"Kesho utang'oka meno, Nkwabi," akasema. "Uje na bibi yako akuazime ya kwake."

Jioni ile baba mdogo alikuwa mjini Shinyanga, mama mdogo yuko shambani kwa dada yake. Tulijaza makopo, tukayapanga. Kabula akasimama akiitazama friji.

"Masanja, utambi uko chini mno. Ongeza kidogo."

"Baba mdogo alikataza."

"Alikataza kuchochea. Mimi nimesema kidogo."

Asubuhi barafu zilikuwa ngumu kama mawe ya mtoni. Nkwabi alihangaika na yake mpaka kengele ikalia, akakiri kwamba ile ni barafu kweli. Sijawahi kula kitu kitamu vile tena. Lakini tuliporudi kuushusha utambi, tulikuta chupa za chanjo nazo zimeganda, nyeupe tupu ndani. Kabula akazitoa, akaziweka juani kidogo, zikayeyuka. Akainua moja akaitikisa.

"Unaona? Yenyewe hata haijui kama iliganda."

Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Tukazirudisha.

Kesho yake, baba mdogo akiwa amesharudi, watu walileta ng'ombe joshoni kuchanjwa dhidi ya chambavu, ugonjwa unaoua ng'ombe mvua zinapoanza. Mifugo ilijipanga kuanzia joshoni hadi barabarani. Mbele kabisa alikuwa Mama Sayi, mjane jirani yetu, na ng'ombe wake wawili aliokuwa akiwakamulia wajukuu. Baba mdogo akafungua kasha la dawa, na kama kawaida yake akaanza kuwaelimisha wafugaji. "Dawa hii inataka ubaridi, lakini ikiganda imekufa. Ukiitia kwa ng'ombe umetia maji, na mvua ya kwanza utachimba shimo la kumzikia."

Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nilifika alipo, sindano tayari iko mkononi, amemshika ng'ombe wa Mama Sayi.

"Baba mdogo, iliganda. Tulipandisha moto."

Hakunipiga. Alinitazama, akaitazama chupa, akaiweka sindano chini taratibu. "Warudisheni ng'ombe," akawaambia watu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mzee mmoja nyuma kule, mtani wake, akasema, "Kumbe tumewaleta ng'ombe kula barafu." Watu wakacheka, wengine kwa hasira.

Baba mdogo alipanda baiskeli siku ileile kwenda kuomba chanjo nyingine. Nilikuwa nikiamka na kuangalia mawingu, nikiomba mvua isije, mimi mtoto wa mkulima. Chanjo ikafika, ng'ombe wakachanjwa, na mvua ikaanza. Tukasubiri. Masika yote hakufa hata ndama mmoja kwa chambavu. Siku Mama Sayi alipotuletea kibuyu cha maziwa na kumwambia bibi, "Ng'wanawane, mwanangu huyu, ana mdomo mzuri," nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa nafuu. Nafuu ile sijaisahau. Mpaka leo nikiona ng'ombe mnene mvua zikianza, kifua changu kinalegea.

Lakini utani wa kwetu hauna likizo. Wakaanza kumwita baba mdogo Bwana Barafu. Akifika kuchanja, lazima mmoja aulize, "Leo haijaganda?" Alicheka nao mwanzoni, kisha akachoka. Kiangazi kilichofuata akaomba uhamisho, wakampeleka Geita na familia yake, Kabula akiwemo, mimi nikabaki Didia. Friji ilibaki kwa bwana mifugo mpya, aliyeifunga kwa kufuli.

Mwaka huu nilikutana na Kabula kwenye harusi huko Segese. Ana mvi kama mimi. Watoto walikuwa wakigombania juisi baridi kwenye friji kubwa ya umeme, hakuna aliyeijali. Nikamwomba msamaha kwamba kusema kwangu kuliwafanya wahame. Akasema, "Uliposema joshoni ulifanya vizuri. Ungekaa kimya, Mama Sayi angekula nini?" Tukacheka mpaka watoto wakatushangaa.

Watoto wa leo wana barafu mwaka mzima, nami siwaonei wivu. Ng'ombe wa watu walipona, nashukuru. Ila kwa kuupandisha utambi ule nilimpoteza dada yangu. Tuliachana tukiwa watoto, na tumeonana tena tukiwa wazee. Maisha yote ya katikati tuliishi mbalimbali.