Kimo cha Ulingo

Nilipaswa kukataa. Kaka aliponiambia nipande mkuyu nikaufunge ulingo upya, juu zaidi ya pale babu alipouweka, nilipaswa kumjibu, "Panda mwenyewe." Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua vizuri kwamba tunafanya jambo lililokatazwa. Nikapanda.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kitu kidogo tu. Mwezi uliopita binti yangu na mumewe walinitoa hapa Croydon, London, ninakoishi, wakanipeleka kwa gari hadi mashambani, ili macho yangu yapumzike na majengo ya ofisi na tramu. Kando ya shamba moja tuliona ngazi ya mbao imeegemezwa kwenye mti, na juu yake kuna kiti. Mkwe wangu akaeleza kuwa hapo hukaa mwindaji akimngoja kulungu. Mjukuu wangu, ambaye anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akauliza mbona wamekiweka chini hivyo. Angekuwa yeye, alisema, angekiweka kileleni kabisa. Wote wakacheka.

"Baba, umechoka?" binti yangu akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni baridi tu."

Ilikuwa Juni, na jua lilikuwa linawaka.

Mimi na kaka tulilelewa na babu na bibi huko Handeni, wakati misitu ilikuwa bado inaanzia nyuma ya choo. Kaka alinizidi miaka minne. Asubuhi zetu zilinuka moshi wa kuni mbichi na uji wa mtama, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuteka maji kijitoni. Ng'ambo ya kijito ulisimama mkuyu mkubwa. Matunda yake yalipoiva yakaanguka, pongo, wale swala wa msituni, walikuja alfajiri kuyala, na babu aliwangoja juu ya ulingo na upinde wake. Ulingo wenyewe ulikuwa fito tu zilizolazwa juu ya matawi na kufungwa kwa kamba za magome, upana wake wa kumtosha mtu mmoja kukaa na kukunja miguu.

Babu alikuwa na kipimo chake. Alimwambia kaka asimame kwenye shina, mimi nipande mabegani mwake na kuinua mkono. Pale vidole vyangu vilipogusa, hapo ndipo ulingo ulipokaa, wala si shubiri moja zaidi. "Chini ya hapa, pongo anakuona," alisema. "Juu ya hapa, mshale unamparuza mgongo tu anakwenda kufia mbali. Na wewe ukianguka, hatukuokoti. Tunakuzoa." Sisi tulicheka sana kwa neno hilo la kuzoa. Yeye hakucheka.

Alikuwa na sharti jingine: anayekaa juu ndiye anayefunga kamba. Magome yalilazwa kijitoni siku mbili, yakafungwa yakiwa yamelowa, ili yakikauka yakaze kama chuma. Hata magoti yalipoanza kumsumbua alipanda mwenyewe, sisi tukimrushia kamba kutoka chini. Mwaka ule kifua kilimbana, akawa hawezi kukaa juu bila kukohoa na kufukuza wanyama. Ndipo kwa mara ya kwanza akamwachia kaka ulingo ambao mafundo yake aliyafunga babu mwenyewe.

Kaka alikaa juu asubuhi tatu, na mara zote tatu pongo walifika, wakasimama, wakainua pua, wakageuka. Alirudi mikono mitupu, na bibi alimngojea mlangoni. Bibi alituita waume zake, kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu.

"Karibu, mume wangu. Nyama iko wapi?"

"Wamenisikia harufu, bibi."

"Si ungeoga! Haya, kaa tule mlenda. Kama ningejua utanilisha mlenda kila siku, nisingekubali kuolewa."

Babu alicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka kuliko wote. Kaka hakula. Mchana huo huo alinivuta hadi mkuyuni, akanionyesha tawi lililokuwa juu zaidi, kama kimo cha mtu mmoja na nusu.

"Pale juu upepo unapita juu ya vichwa vyao. Panda wewe, dogo, wewe mwepesi. Mimi nitakupa fito."

"Babu je?"

"Babu haji huku, hana pumzi. Tukila nyama atauliza kimo?"

Hatukuwa na magome mapya, na kuyaloweka ni siku mbili. Nikazifungua kamba za babu, nikapanda nazo, nikazifunga tena zikiwa kavu. Nilipozikunja nilisikia zikilia, zikitoa vumbi la unga kwenye vidole. Nilisikia, lakini kaka alikuwa chini anauliza, "Tayari?" nami nikajibu, "Tayari."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kijitoni nateka maji. Nilisikia sauti kama ya mtu anayevunja kuni, kisha kishindo. Nilimkuta kaka amelala chali juu ya kuyu zilizopondeka, macho wazi. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siisikii miguu."

Babu alifika akiwa ameshikwa mkono na jirani. Fito zote zilikuwa chini, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua zilikuwa zimefungwa wapi. Babu aliokota vipande vya kamba, akavigeuzageuza. Nilimwona akizitambua.

"Kamba hizi ni zangu," akawaambia majirani. "Nilizifunga mimi, nikamwachia mtoto akae juu yake. Mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa," jirani akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na ndoo yangu. Ilikuwa ni kufungua kinywa tu.

Kaka alirudishwa kutoka hospitali akiwa hawezi kugeuka kitandani. Babu aligawa upinde wake na hakugusa nyama tena. Kila asubuhi alimwosha kaka, akamgeuza, akimwomba msamaha kwa sauti ndogo. Bibi aliacha kutuita waume. Babu akishatoka, kaka aliniuliza:

"Umemwambia?"

"Kesho."

Nilikwenda sekondari, shule ya bweni. Kila likizo kaka aliniuliza mara moja, siku ya kufika, nami nilijibu lile lile. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi Dar es Salaam, kisha safari ya Uingereza. Siku ya kuaga, babu alinisindikiza hadi barabarani taratibu, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Tulikuwa wawili peke yetu njia nzima. Tuliongelea mvua. Mwaka uliofuata nilipokea barua hapa London kwamba amefariki.

Mkuyu haupo siku hizi. Nasikia ulikatwa wakachoma mkaa, msitu nao ukafuata, na watoto wa pale hawajui pongo ana rangi gani. Kijito hutiririka masika tu.

Nilimwomba kaka msamaha nikiwa mtu mzima, kwa simu, Jumapili moja baada ya kanisa. Nilimwambia yote: vumbi la magome, ndoo, njia ya barabarani. Nilimuuliza pia kwa nini yeye mwenyewe hakumwambia babu.

"Nilikosea kukutuma," akasema. "Hilo ni langu, nimelilipia hapa kitandani. Lakini kufunga ulifunga wewe. Nilitaka ukweli uutoe mwenyewe, kwa sababu ulikuwa mdogo wangu na sikutaka kukushitaki. Ulikuwa na miguu miwili ya kumfuata babu. Mimi sikuwa nayo."

"Nisamehe, kaka."

"Ungemwambia yeye. Mimi sikuwa na la kukusamehe hadi babu alipokufa akijilaumu."

Tangu siku ile, nikipiga anapokea binti wa shangazi anayemtunza. "Kaka amelala," huniambia, hata ikiwa kwao ni saa nne asubuhi, na nyuma yake namsikia kaka akizungumza na watu.

Kufunga fito zile kulimgharimu kaka miguu yake. Kunyamaza kwangu kulimgharimu babu uzee wake wote, akiamini mikono yake ndiyo iliyomlemaza mjukuu. Mimi kulinigharimu kaka. Yu hai, na hataki kuzungumza nami.