Roketi ya Mwenye Nyumba

Mwaka ule kisiwa chetu kilipojitenga na serikali ya Moroni, meli za kwenda huko zilikatika na umeme wa mji wetu, Mutsamudu, ukawa wa kubahatisha. Mjomba alileta kwetu jenereta, televisheni na kanda yake moja ya video: filamu ya kizamani ya watu wanaosafiri kwenda sayari nyingine. Tuliitazama mpaka tukajua nani atakohoa wapi.

Jinsi nilivyoipenda! Viti vyekundu vya mviringo, mitambo yenye vifundo vikubwa, na mwanamke mmoja mwenye gauni la kiuno chembamba, nywele hazitikisiki hata roketi ikipaa. Wanaume waliendesha. Yeye alimimina kahawa na kupiga mayowe.

Wanawake wa kwetu hawakumhurumia hata kidogo. Kwetu nyumba ni ya mke, aliyojengewa na wazazi wake; mume huingia na sanduku lake, na mambo yakiharibika hutoka nalo. Basi wakakata shauri kwamba roketi ni ya yule mama, mmoja wa wale wanaume ni mumewe, wengine mashemeji, na kahawa ni heshima ya wageni. Nilijifunika uso kwa shiromani niliyojitanda nicheke.

Lakini nilikuwa na langu moyoni. Nilikuwa nimepata nafasi Moroni ya kujifunza ufundi wa redio za meli, na baba hataki. Amekwisha kunisimamishia kuta za nyumba yangu, mchumba yupo, sasa nivuke kwenda kwa watu tuliokosana nao? Mama hakunitetea. Hilo liliniuma kuliko ukali wa baba.

Alasiri moja filamu ikafika pale kimondo kinapoigonga roketi, wanaume wanabishana, mwanamke analia na birika mkononi. Mama akainuka.

"Ebo! Roketi yake mwenyewe, na hajui kuiendesha?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia baba: "Mwanangu ataingia nyumba yake akijua kazi. Kuta hazina miguu, zitamngoja."

Baba alitazama dari, akakumbuka amekaa nyumba ya nani.

Meli zilipoanza tena, nilivuka. Siku hizi, hapa Magoudjou, mtaa wa Moroni, natazama na binti zangu filamu ambamo wanawake ndio manahodha wa angani, na wao hawaoni ajabu yoyote. Nafurahi, ingawa vile viti vyekundu bado navitamani.

Kule Mutsamudu, kuta ziliningoja kweli. Nilipoziezeka kwa jasho langu, mgeni wa kwanza alikuwa mama. Nilimkalisha, nikammiminia kahawa.