Siku Niliyomshusha Wifi Yangu Kutoka Karisimbi

Mume wangu aliniomba jambo hilo akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, nyumbani kwetu Kagarama, akizungushazungusha funguo za gari kidoleni. Nikajua ni jambo zito. Dada yake mdogo, wifi yangu, alikuwa amejiandikisha kupanda Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote Rwanda.

"Nenda naye," alisema. "Mimi kwa magoti haya hata mlima Kigali siufikii."

"Ana kikundi chake. Wana kiongozi, wana wapagazi. Mimi niende kufanya nini?"

"Kikundi si ndugu."

Wifi yangu na mimi hatukuwa maadui. Tulisalimiana vizuri, basi, na kila mmoja alichagua maneno mbele ya mwenzake. Yeye na mume wangu walikulia Bujumbura, mimi nilikulia Bukoba, wazazi wetu wote walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda; ndiyo maana katika ukoo wetu Kiswahili hakijafa mpaka leo, ingawa kila mtu ana cha kwake. Siku nilipoolewa, wifi aliwaambia shangazi zake kwamba wanawake waliokulia Tanzania wanaongea utafikiri wanaimba, lakini jembe hawalijui. Watu walicheka. Nami nilicheka, huku neno lile nimelimeza.

Mwaka uliotangulia safari ile, mumewe alimwacha. Hakwenda mbali, alihamia kwa mwanamke mwingine hukohuko Kagugu walikoishi, kiasi kwamba wifi alikuwa akikutana na gari lake akienda kununua maziwa. Hakulia mbele yetu hata mara moja. Alianza kutembea. Kwanza Jumapili, barabara zinapofungwa kwa magari, kisha kila asubuhi, kisha akajiunga na kikundi kinachokutana Remera karibu na uwanja wa mpira, si mbali na duka langu la mapazia. Nilikuwa nikimwona akipita na raba zake mpya, kidevu juu. Hakuwa akiingia dukani.

Basi nilikubali. Nilifanya mazoezi ya kupanda vilima vya Kicukiro hadi mapaja yakakataa ngazi, na asubuhi moja tukaondoka Kigali na basi dogo la kukodi, wanaume kwa wanawake, wengi wetu tumevuka arobaini.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa Musanze, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyowalazimu watu kunyamaza ili waisikie. Kabla hatujaingia msituni alitukusanya.

"Mlimani hakuna aibu," alisema. "Ukiumwa kichwa, sema. Ukitapika, sema. Ukinyamaza, utatupa sote kazi."

Wifi alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua uso.

Siku ya kwanza ilikuwa ya matope. Sijui nilitegemea nini. Labda njia yenye mawe, kama ile ya picha. Tulizama hadi kwenye muundi, tukashika majani yanayowasha kama moto kwa kudhani ni ya kujishikilia. Mbele yetu na nyuma yetu walitembea askari wa hifadhi wenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Wifi alikuwa mbele daima, akifuata visigino vya kiongozi. Kila niliposimama kupumua alinigeukia na kusema, "Komera, wifi!" Jipe moyo. Lakini alilisema namna ambayo mtu humwambia mtoto anayejifunza baiskeli.

Jioni, kwenye kambi, baridi ilitugonganisha meno. Alikaa na sahani ya wali mapajani bila kuigusa.

"Kichwa?" niliuliza.

"Uchovu tu."

"Tumwambie kiongozi."

"Wifi, tafadhali. Usinianzishie."

Kiongozi mwenyewe alipita kwa kila mmoja akiuliza. Wifi akamjibu kwamba kichwa kinamgonga kidogo, akapewa dawa na maji, nami nikaambiwa nimwangalie. Alilala akiwa amenipa mgongo. Nilimsikia akihema haraka haraka.

Kulipopambazuka alikuwa wa kwanza kutoka hemani. Alisema dawa imefanya kazi, na kweli alicheka na wenzake, akanywa chai. Kiongozi alimtazama kwa muda, akamwambia atembee karibu naye. Tukaanza kupanda kwenye sehemu ya juu, ambako msitu unaisha na inabaki mimea mikubwa ya ajabu yenye vichwa kama kabichi, kisha hata hiyo inaisha, inabaki changarawe nyeusi inayokurudisha nyuma nusu ya kila hatua. Ukungu ulikuwa ukija na kuondoka. Ulipoondoka mara moja, tuliuona mnara wa mawasiliano ulio kileleni. Watu wakapiga kelele za furaha. Ulionekana karibu kiasi cha kuurushia jiwe.

Hapo ndipo wifi, aliyekuwa amebaki nyuma ya kiongozi hadi nilipo, aliponishika mkono.

"Mama," aliniambia, "ng'ombe wameshaingia?"

Nilidhani ni utani. Nilimtazama usoni, na hapakuwa na utani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Alikuwa amevaa glavu moja. Nyingine sijui aliitupa wapi.

"Mimi ni wifi yako," nilisema.

"Najua," alijibu kwa hasira, na hasira ile ilinitisha kuliko swali, kwa sababu alikuwa akiangalia pembeni yangu. Kisha akanikaza kiganja. "Usimwambie."

Nilimwita kiongozi kwa sauti niliyokuwa nayo yote.

Alishuka mbio. Hakumuuliza maswali mengi. Alilaza fimbo yake chini na kumwambia atembee kandokando yake, kisigino mbele ya ncha ya kiatu, kama anapita juu ya ukuta. Wifi alicheka, akasema hayo ni mambo ya walevi. Akaanza. Hatua ya pili ilimtupa upande, akaangukia goti.

"Nimeteleza."

"Jaribu tena, mama."

Akajaribu, akaanguka tena.

"Huyu anashuka sasa hivi," kiongozi alisema. "Kimo cha mlima kimemwingia kichwani, hewa haimtoshi. Hakuna dawa nyingine ila kushuka."

Katika kikundi chetu alikuwamo bwana mmoja wa benki, mtu mwenye sauti nene na moyo mzuri, ambaye ndiye aliyemzoesha wifi matembezi marefu. Alirudi nyuma kutoka mbele. "Jamani, pale ndipo juu! Tunamshika mkono mmoja huku, mmoja huku, anafika, anapiga picha yake, anashuka. Mnajua huyu mama amepitia nini mwaka huu?"

Wifi akasimama wima, mkono umeegemea fimbo. "Ninapanda," alisema. "Mimi si mtoto. Hakuna atakayenishusha kwa nguvu."

Kiongozi akanigeukia. Nakumbuka matone ya ukungu kwenye kope zake. "Wewe ndiye ndugu yake. Ninahitaji utusaidie akubali, tusipoteze muda. Unasemaje?"

Nilitazama mnara. Ni uongo nikisema sikuusikitikia. Niliwaza jinsi atakavyonichukia; niliwaza na lile gari linalopita Kagugu kila asubuhi. Na niliwaza mume wangu mlangoni mwa jiko.

"Anashuka," nilisema. "Na mimi nashuka naye."

Wifi alinitazama kwa macho yaliyotulia kabisa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Umefurahi," alisema.

Nilimshika mkono usio na glavu, nikauingiza ndani ya koti langu, tukaanza kuteremka. Msaidizi wa kiongozi akaendelea na kikundi. Kiongozi mwenyewe alikuja nasi, pamoja na askari mmoja na mpagazi mmoja.

Tulikuwa bado kwenye changarawe mvua ya mawe ilipoanza. Haikutupa onyo, ilimwagika tu, ikitupiga vichwani na mabegani kama gunia la mahindi lililopasuka. Radi ililia chini yetu, si juu, na jambo hilo sijawahi kulizoea hata katika kumbukumbu. Wifi akakaa chini.

"Niacheni nilale kidogo. Nyie tangulieni."

"Inuka!"

"Kidogo tu."

Kiongozi alipiga magoti, akamshika mashavu. "Asilale," aliniambia. "Mwongeleshe. Chochote." Kisha akasema kwenye redio yake kwa Kinyarwanda, haraka haraka, akiwaita wapagazi waliobaki kambini.

Nilimwongelesha. Nilimsimulia mapazia, sikuwa na kitu kingine kichwani. Nilimtajia vitambaa vyote vilivyomo dukani, rangi kwa rangi, huku tukimburuta. Kila nilipouliza, "Wewe ungechagua ipi?" alijibu kitu, mwanzoni maneno, baadaye mguno.

Wapagazi walitukuta pale mimea mikubwa inapoanza. Walikata miti miwili, wakafunga mablanketi katikati, wakamlaza. Hapo nguvu zilimrudia ghafla, akapiga teke.

"Nitoeni! Mimi sijafa! Ingobyi ni ya wagonjwa!"

Kwetu ingobyi ndiyo machela ya kienyeji ya kubebea watu vijijini, na hakuna asiyejua maana ya kuonekana ndani yake. Mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alimjibu kwa upole huku akimkaza kamba kifuani. "Na maharusi pia, mama. Maharusi pia tunawabeba."

Walipomwinua mabegani hakusema tena neno, na mimi nikaanza kuogopa ule ukimya. Nilikimbia kando ya machela nikimshika kifundo cha mguu. Njia iligeuka kijito. Wapagazi walipokezana bila kusimama, mmoja akiteleza watatu wanashikilia, na mara moja machela ililala upande juu ya korongo kiasi kwamba nililiona lile blanketi likiteleza naye. Nilipiga ukelele. Hawakunisikiliza, waliirudisha sawa na kuendelea.

Tulipofika kwenye mianzi, askari aliyekuwa mbele aliinua mkono, na wote wakasimama kama mashine zilizokatiwa umeme.

Nyati alikuwa katikati ya njia. Mmoja tu, dume, mweusi, aliyelowa mvua. Alikuwa ametuelekea. Pua yake ilitoa mvuke.

"Tusubiri," kiongozi alinong'ona.

"Hatuna muda wa kusubiri," nilimjibu.

"Mama. Tusubiri."

Wapagazi walisimama na mzigo wao mabegani, na hakuna aliyethubutu kuushusha. Niliweka kiganja juu ya kifua cha wifi ili nihisi kikipanda. Kilipanda. Kilikaa. Kikapanda. Kati ya pumzi moja na nyingine nilimchukia yule mnyama kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Sijui tulisimama muda gani. Mwishowe aligeuza kichwa, taratibu, kama mwenye nyumba aliyechoka na wageni, akajiingiza kwenye mianzi, na kwa muda mrefu tukaisikia ikivunjika.

Tulizidi kushuka. Hewa ikawa nzito na yenye joto la udongo. Ilikuwa karibu na ukuta wa mawe unaotenga hifadhi na mashamba ya viazi ndipo niliposikia sauti kutoka ndani ya blanketi, ya mkwaruzo, yenye kiburi chake cha kila siku.

"Kwa nini mmenibeba?"

Niliketi kwenye matope nikalia. Kiongozi alimpima tena kwa maswali: jina, mji, siku. Alijibu yote, tena kwa kuudhika.

Kwenye kituo cha afya walimwekea hewa ya oksijeni na kumlaza hadi siku iliyofuata. Daktari aliniambia, wakati wifi amelala, kwamba kama angefika kileleni kwa kushikwa mikono, pengine asingeshuka akiwa hai. Sikumwambia wifi maneno hayo. Nilidhani yangesikika kama najidai.

Wenzetu walirudi na picha zao chini ya mnara. Bwana wa benki aliinama akatuomba radhi sote wawili. Lakini ndani ya basi wifi aliketi kiti cha mbele, na tulipofika Kigali alishuka bila kuniaga. Miezi ikapita. Kwenye arusi ya mtoto wa shangazi yao nilimsikia, nikiwa nimebeba trei ya soda, akisema, "Nilikuwa nimefika. Wifi yangu ndiye aliyekataa." Mume wangu alitaka kusimama. Nilimvuta koti.

Kisha mchana mmoja, mvua ikinyesha, aliingia dukani. Alizunguka akigusa vitambaa. Mteja alipotoka, alivuta kigoda akakaa.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye," alisema. "Ile siku sikumbuki. Nakumbuka chai ya asubuhi, halafu nakumbuka viazi. Katikati hamna kitu. Yote ninayoyasema nimeambiwa na watu."

"Sijui kama unataka kujua."

"Nilisema nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu ng'ombe, na kwamba aliniita mama. Alifunika mdomo. Mama yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi, na ng'ombe aliowasikia wakisimuliwa ni wale waliobaki Rwanda kabla hajazaliwa. Nilimwambia kuhusu teke, naye akacheka, akaomba radhi kwa wapagazi ambao hawakuwapo.

"Na wewe je? Nilikuambia nini?"

Nilijifanya napanga riboni.

"Wifi."

"Ulisema nimefurahi."

Nje pikipiki zilikuwa zimejibanza chini ya paa letu kukwepa mvua, na madereva walikuwa wanataniana.

"Ulifurahi?"

"Niliogopa," nilisema. "Sijawahi kuogopa vile."

Alinyoosha mkono akalishika pindo la kitambaa kilichokuwa mapajani mwangu, akaanza kukikunja upande wake, vibaya, kama mtu asiyejua kazi ile. Nilimwacha. Tulikikunja pamoja hadi viganja vyetu vikakutana, na alikaa nami hadi wakati wa kufunga duka.